Shimo la Nyuma ya Jiko

Katika mji mwingine, mwanamume akianza kuchimba shimo nyuma ya nyumba yake bila kumwambia mtu, majirani watanong'onezana kwamba hayuko sawa. Kolwezi, mji wetu wa migodi, hawanong'onezani. Kolwezi wanakuja kukupongeza.

Mume wangu alianza kuchimba Jumapili moja, mimi na watoto tukiwa kanisani. Tuliporudi tulimkuta nyuma ya jiko amekwisha kuzama hadi kiunoni, shati amelitundika kwenye kamba ya nguo, anarusha udongo mwekundu nje kwa mwendo uleule usiobadilika, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nilisimama na Biblia yangu mkononi nikamwuliza anachimba nini. Hakuinua kichwa.

"Mama, unitafutie mifuko," alisema. "Ya makala, ya bunga, yote yenye uko nayo."

Nilimpa yote, ya makaa na ya unga. Tangu arudi kutoka vitani hakuwa ameniomba kitu chochote, hata chumvi mezani, kwa hiyo siku hiyo angeniomba shuka za kitanda ningempa pia.

Alikuwa amerudi kutoka mashariki ya nchi mwaka uliotangulia. Jeshi lilimrudisha kwa sababu ya sikio. Bomu lilianguka karibu na handaki lao, sikio la kushoto likafa, na daktari wa jeshi akalipima sikio, akaandika habari za sikio, akamruhusu aende nyumbani na sikio lake. Vingine vyote alivyorudi navyo hakuna aliyevitazama. Mume niliyemsindikiza siku alipoondoka alikuwa mtu wa kukoroma hadi watoto wanamwiga mezani. Niliyempokea hakuwa analala. Alikaa chini, mgongo ukutani, uso mlangoni, na nikimgusa bega alinikamata mkono kabla hajajua ni mimi. Asubuhi niliuvika ule mkono nguo ya mikono mirefu na kwenda sokoni kuuza samaki wangu, nikiambiwa na kila mteja kwamba nina bahati, maana wanaume wa wenzangu hawakurudi.

Huku kwetu migodi mikubwa hulipua miamba mchana, na sisi tumekulia humo. Sahani zinatikisika kabatini, tunangoja zitulie, tunaendelea kula. Mara ya kwanza mlipuko ulipolia baada ya kurudi kwake, tulikuwa mezani. Alimnyakua mtoto wetu wa mwisho kutoka kwenye kiti, akamlaza sakafuni na kumlalia juu. Mtoto alilia kwa uzito wa baba yake. Wakubwa wake walicheka, wakadhani ni mchezo. Mimi niliokota bukari, ugali wetu, iliyomwagika, na nilipomaliza kuokota nilijifungia chooni nikalia.

Msifikiri nilikaa tu na kushika tama. Nilimpeleka hospitali, wakampa vidonge vilivyomfanya adondoshe mate kama mtoto mchanga, akavitupa. Nilimpeleka kwenye nyumba ya maombi, wakasema ni roho za watu aliowaua, tufunge kula. Alifunga kwa utii wa kijeshi, akabaki mifupa, na roho kama zilikuwepo hazikusikia njaa. Mwisho nikamwendea kaka yake mkubwa. Huyu ni karani katika ofisi moja mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mkuu wa familia. Nyumba tuliyokuwa tunakaa, mtaa wa Dilala, moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, iliachwa na baba yao, kwa hiyo ilikuwa mikononi mwake. Nilimwomba tushirikiane kumpeleka mdogo wake Lubumbashi, kwa madaktari wa akili. Alinisikiliza barazani macho yakiwa kwenye simu.

"Mama," alisema, "basoda bote biko vile. Itamupita. Mi niko na kazi mingi."

Eti askari wote wako hivyo. Nilimwendea tena na tena. Kila mara kazi ilikuwa nyingi. Nikaacha kwenda.

Basi ndiyo hali iliyotangulia shimo. Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa Kolwezi anajua shimo la madini linavyochimbwa. Linateremka wima, kisha linafuata mawe yanakokwenda. Na mchimbaji hatupi udongo hivihivi: anaukoroga kiganjani, anauangalia kwenye jua, anatafuta ule weusi wa kobalti au ule ukijani wa shaba. Mume wangu hakuuangalia udongo hata mara moja. Aliujaza kwenye mifuko, akaifunga, akaipanga ukingoni, upande wa barabara, mfuko juu ya mfuko, akiipiga kwa mgongo wa beleshi ikae sawa. Shimo lenyewe lilikuwa na ngazi za udongo, nzuri, zimekatwa kwa uangalifu. Chini lilipinda kulia. Kisha likapinda tena.

Mimi niliona hayo yote na nikaelewa. Nilielewa kwa sababu nilikuwa namwangalia yeye. Wengine walikuwa wanaangalia mifuko.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alichungulia, akaona mifuko imepangwa safu kwa safu, akapiga vigelegele.

"Mama! Mungu aliwakumbuka! Usitusahau siku franga itaanza kutoka!"

Ningemwambia nini? Kwamba mume wangu anachimba handaki la vita katikati ya Dilala, kati ya jiko na kamba ya nguo? Wangemfunga kamba siku hiyohiyo. Wakati wakidhani ni kobalti, walimsalimia kwa adabu. Wanaume waliokuwa wakivuka barabara wakimwona, sasa walisimama kumpa mkono. "Tata, kazi inaendeleaka?" walimwuliza, naye aliitika kwa kichwa. Nikanyamaza, na sijutii. Ulikuwa uongo wao, wao wenyewe waliujenga, mimi niliukalia kivuli tu.

Siku alipomaliza aliniita nishuke. Nilishuka na khanga yangu, nikaogopa kuchafuka, nikachafuka. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya mvua, ingawa mvua zilikuwa bado. Baada ya mpindo wa pili kulikuwa na chumba kidogo, na ukutani amechonga viti vya udongo. Alinionyesha kimoja kimoja.

"Hapa ni weye. Hapa mukubwa, hapa wa kati. Hapa mudogo, nilifanya chini kidogo juu miguu yake ni mifupi."

"Na weye?"

Alionyesha mahali karibu na mpindo, panapotazama ngazi.

"Papa," nilimwambia, "huku hakuna vita."

"Leo hakuna."

Nilikaa kwenye kiti changu. Kilinienea barabara, mtu yule alikuwa amenipima kwa macho bila mimi kujua. Yeye akakaa pale pake. Juu yetu nilisikia kuku wakitembea. Baada ya muda nikasikia kitu kingine, nikadhani udongo unaporomoka, nikashtuka. Alikuwa anakoroma.

Sikuinuka. Samaki wangu waliharibika juani siku hiyo, acha waharibike. Nilikaa nikimsikiliza mume wangu akikoroma chini ya ardhi mchana kweupe, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Kuanzia hapo alikuwa analala humo kila siku. Akitoka alikuwa mtu. Alianza kuuliza watoto habari za shule. Alitengeneza mguu wa meza. Siku moja mlipuko wa mgodi ulilia tukiwa uani, akasimama, akatazama shimo kuhakikisha bado lipo, akakaa tena. Kulitazama tu kulimtosha. Nilimpelekea chakula chake mle ndani, sombe na samaki, na mara nyingi nilikula pamoja naye, kila mmoja kwenye kiti chake. Sisemi alikuwa amepona. Nasema alikuwa analala.

Halafu mnunuzi akaja. Sikumwita, mume wangu hakumwita, jirani ndiye aliyemleta, kwa wema, akitarajia shukrani. Wanunuzi wa Kolwezi wana kimashine kama bastola, unakielekeza kwenye mawe kinakuambia yana kobalti kiasi gani. Nilipomwona anakitoa mkobani, nilimwogopea mume wangu: mtu anaingia uani kwake na kitu cha namna hiyo mkononi! Bahati alikuwa chini amelala. Mnunuzi akapima mfuko mmoja, akapima wa pili, akapima mingine ya chini. Akakisoma kile kimashine. Akaangalia nyumba, akaangalia barabara, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu.

"Mama, nani njo mwenye parcelle?"

Alitaka mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja alikuwa yule karani. Kobalti ilikuwemo. Bila shaka ilikuwemo. Kolwezi yote imekaa juu yake. Ukichimba kaburi huku unaweza kuikuta. Laiti mume wangu angezaliwa katika nchi ya mchanga mtupu.

Yule karani, mwenye kazi nyingi, alifika siku ileile. Alikuja na taxi-moto, tai imempeperukia begani, akaruka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Hakuuliza mdogo wake yuko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mifuko, akauchovya mkono udongoni, na uso wake ukalainika jinsi sikuwahi kuuona.

"Unaona?" aliniambia. "Shiye tulisema vita ilimuharibu kichwa. Kumbe mudogo yangu alikuwa anawaza!"

Nilimwambia ukweli, yeye. Nilimwambia hapohapo, kwa heshima, nikimwita yaya, kaka mkubwa: hili si shimo la mawe, hapa ndipo mdogo wako anapolala, ukimtoa humu utamwua. Alinipigapiga bega kama mtu anayetuliza mbuzi. Akasema sawa, sawa, mama, atapata kitanda kizuri.

Wachimbaji walikuja na masululu, na taa za kufunga kichwani, na kamba. Kiongozi wao alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya padri, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniangalia mimi.

"Yaya," alimwambia shemeji yangu, "huyu mama asikaribiaka hapa. Bamama banakimbizaka mawe."

Huo ndio mwiko wao, na huku kila mtu anaujua. Mwanamke akikanyaga shimo, madini yanajificha. Mwanamke aliye katika siku zake ni mbaya zaidi, yeye anayafukuza moja kwa moja. Sisi wanawake tunaruhusiwa kuosha mawe mtoni mpaka mikono inatuchubuka, na kuyapondaponda, na kuyabeba kichwani, na katika kazi hizo zote mawe hayatuogopi. Yanatuogopa shimoni tu. Shemeji alinikataza kupita nyuma ya jiko. Jiko langu! Nikawa napika mbele ya nyumba, mbabula yangu ya makaa imekaa barazani kama mkimbizi.

Mume wangu walimwita mkubwa wa shimo. Walimletea kiti cha plastiki, wakamweka ukingoni na chupa ya Fanta mkononi, wakamwambia kazi yake sasa ni kukaa na kutazama mali yake ikitoka. Hakubisha. Kaka yake alikuwa amesema, na mume wangu tangu utoto alifundishwa kutii kaka, kisha jeshi likamfundisha tena. Alikaa. Chini yake watu waliongea, watu waligonga, watu wasioonekana walisogea huku na huku chini ya miguu yake. Walivunja ukuta wa chumba kile kidogo ili kufuata mawe. Viti vyetu vilitoka vipande vipande ndani ya mifuko. Niliona kwa mbali mfuko ukipandishwa kwa kamba na nikajiuliza kama ndani yake kuna kiti cha mtoto. Upande mmoja tu mume wangu aliwakatalia, ule wa kuelekea barabara, ambao alikuwa ameuziba kwa mifuko yake. Kiongozi wao alisema sawa, mwache mzee, tutauendea baadaye.

Kulala kukaisha. Alirudi ukutani, uso mlangoni. Halafu hata ukuta haukumtosha, akaanza kuweka sikio lake zima sakafuni, chumbani kwetu.

"Biko chini ya kitanda," aliniambia.

Na walikuwa chini ya kitanda kweli! Huo ndio uchungu unaonichoma hadi leo. Mtu amerudi kutoka vitani na hofu kwamba maadui wako chini ya nyumba yake, na familia yake mwenyewe inakodi watu na kuwapeleka pale. Walikuwa wamefika usawa wa chumba chetu. Mimi mwenyewe, nikilaza kichwa, nilisikia nyundo.

Asubuhi moja kijana wa kazi alipanda kutoka shimoni kwa haraka, uso mweusi wa vumbi, taa inawaka kwenye paji la uso. Alitokeza kichwa miguuni pa mume wangu. Sijui mume wangu aliona nini. Najua alivyofanya: kiti kilianguka kule, Fanta ikamwagika, na mikono yake ilikuwa shingoni mwa yule kijana. Watu wanne hawakuweza kuiondoa. Niliusahau mwiko, nikakimbia nyuma ya jiko, nikamwita karibu na sikio lake zuri, nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa mwisho. Aliachia. Alitazama mikono yake, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Kijana alikohoa hadi akatapika.

Na nadhani mtasema, basi hapo wakaelewa. Hawakuelewa. Shemeji yangu alicheka! Aliwaambia wachimbaji mdogo wake ni tajiri mwenye wivu, hataki kuibiwa hata jiwe moja, mkubwa mkali ndiye mkubwa mzuri. Wale wakatikisa vichwa kwa heshima. Kijana aliyenyongwa alimwomba mume wangu msamaha.

Hapo ndipo maji yalinifika shingoni. Niliingia ndani, nikaoga, nikavaa khanga safi. Nilitoka mchana, shemeji yupo, kiongozi yupo, mnunuzi yupo na gari lake, jirani anachungulia ukutani. Nikapita katikati yao bila salamu. Nikashuka zile ngazi alizozikata mume wangu, moja moja, mpaka chini, nikasimama pale palipokuwa kiti changu, nikapaza sauti iwafikie hadi wa kwenye vishimo vya mwisho.

"Niko mu shimo! Mi ni mwanamuke, na niko mu siku zangu!"

Haikuwa kweli. Lakini nani angekuja kuhakikisha?

Sijawahi kuona wanaume wakitoka mahali haraka namna ile. Walinipita wakijibanza ukutani nguo zao zisiguse zangu. Huko juu nilisikia kiongozi anawaambia wakusanye kamba. Mmoja alitema mate. Mnunuzi aliwasha gari. Nilipopanda uani palikuwa pamebaki shemeji tu, mdomo wazi, na mume wangu kule nyuma ya tangi. Nilimwendea mume wangu, nikamshika mkono.

"Walienda, papa. Kuya. Shimo ni yako."

Alikuja hadi ukingoni, akachungulia. Alichungulia kwa muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku, akihesabu vitobo vilivyofunguliwa kila upande, kuelekea kwa jirani, kuelekea chooni, kuelekea chumbani kwetu. Akatikisa kichwa.

"Mama, sasa wanaweza kuingilia kila fasi," alisema.

Hakushuka. Nilikuwa nimemrudishia shimo ambalo halikuwa tena kitu cha kumrudishia.

Wiki ile wakaitisha kikao cha familia. Shangazi yao alikuja kutoka kwao Musumba, safari ya barabara mbaya, mwanamke mzee aliyechoka, na wajomba, na wengine ambao sikuwahi kuwaona tangu mume wangu arudi. Kesi ilikuwa juu yangu. Na hapo nilijifunza jambo: siku zote shimo lilipokuwa linatoa mawe, mume wangu alikuwa mwenye akili; siku lilipoacha kutoa, akawa mgonjwa, na mimi ndiye niliyemfanya mgonjwa. Shemeji yangu alieleza mambo yote kwa masikitiko. Hasinzii. Anaweka sikio sakafuni. Alimkaba mtu shingo. Alikuwa anayajua yote, kumbe! Alikuwa amehifadhi kila kitu nilichomwambia barazani kwake, sasa alikitoa kimoja kimoja kama ushahidi dhidi yangu. Shangazi alisema mgonjwa apelekwe Musumba, atibiwe kwa dawa za nyumbani, mbali na mke.

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na maneno ya kuchoma nyumba. Lakini mume wangu aliinua mkono, kama mwanafunzi, na watu wakamgeukia kwa mshangao, maana hakuna aliyefikiri kuwa yumo kikaoni.

"Mi nilichimba juu ya kuogopa bombe," alisema. "Kule tulikuwa banane mu shimo. Nilitoka kutafuta mayi. Nikirudi, shimo ilifungika. Nilichimbua na mikono. Nilibasikia, kisha sikubasikia tena. Yetu ilikuwa fupi sana. Ilikuwa bila mupindo. Njo nilichimba hii, muke na batoto bakae muzuri."

Mimi sikuwa naijua habari hiyo. Mke wake, niliyekaa naye mle ndani, sikuwa naijua. Nilidhani alichimba ili ajifiche.

"Mudogo yangu," kaka yake alisema, "juu ya nini hukutuambia?"

"Hamukuniuliza, yaya. Mulipima udongo."

Shangazi alijifunika uso kwa khanga, akalia. Wajomba walitazama viatu. Hata mimi, kwa dakika ile, nilifikiri imekwisha, wameona, sasa watatusaidia. Shemeji alitoa kitambaa, akajifuta macho, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Kisha akainama kwa mdogo wake, na akauliza kwa upole, sauti ya mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa:

"Na ule upande wa barabara, wenye ulifunga na mifuko. Wakati ulikuwa unachimba kule, uliona mawe nyeusi?"

Mume wangu alimwangalia. Yeye huwajibu wakubwa.

"Ndiyo, yaya. Ni mingi. Chukua."

Nilimkasirikia mume wangu siku hiyo kuliko nilivyowahi kumkasirikia kaka yake. Nilimwambia nyumbani, amewapa bure, ametoa kila kitu, hana hata haya. Aliniacha niseme hadi nikachoka. Kisha akasema yeye anataka tu watu watoke chini ya kitanda, na kama watu hawatoki, basi sisi tutoke juu yao. Nikaanza kukunja nguo. Tulipokuwa tunatoa godoro, wachimbaji walikuwa wamekwisha kurudi, na kiongozi wao anazunguka shimo akinyunyiza maji ya kusafisha nyayo zangu.

Tulikwenda Musonoi, kando kabisa ya machimbo makubwa, kwa sababu ndipo pekee tulipopata. Milipuko huko iko karibu zaidi. Mama mwenye nyumba alituonyesha vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, safi, na watoto walikwisha kuvua viatu na kuteleza juu yake. Cha nyuma sakafu yake ilikuwa udongo mtupu, laini. Alisema bei ni moja, nichague, na akaanza kuniwekea funguo za kile cha mbele mkononi.

Nilimwomba funguo za kile cha udongo. Alinishangaa, akaniuliza kwa nini. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na godoro kichwani.

"Bwana yangu anapendaka baridi," nilimwambia.